Mke wa Askari wa Kaloleni

Mtu atembeaye katika mitaa ya mashariki ya Nairobi hupita katikati ya majina ya vita pasipo kujua. Soko la Kariokor lilipata jina lake kwa wachukuzi wa mizigo wa vita vya 1914 hadi 1918, kikosi ambacho wananchi walikiita Kariakoo, na ambacho makumi ya maelfu ya watu wake walikufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Karibu na uwanja wa mpira wa City lipo soko jingine liitwalo Burma, kwa ajili ya nchi ile ya mbali ambako vijana wa Keya walipigana na Wajapani. Na katikati ya mji, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, wamesimama watu watatu wa shaba tangu mwaka 1928. Chini yao yapo maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayomwahidi askari kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Juu ya mkewe maandishi hayo hayasemi neno.

Katika mtaa wa Kaloleni aliishi mke wa askari mmoja ambaye alifariki mwaka 2016, umri wake ukiwa umepita miaka tisini. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na baba yake. Majirani walimwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo desturi, na wajukuu walimwita susu, kwa lugha ya Ukambani alikozaliwa. Hata hapa jina lake linaachwa kwa heshima ya jamaa yake, lakini msomaji ataona kwamba jambo la jina halikuwa jambo dogo kwake.

Alizaliwa katika vilima vya Machakos yapata mwaka 1922. Alikuwa msichana wa kuchota maji wakati serikali ilipokamata ng'ombe wa Wakamba ili kupunguza mifugo, nao watu wakaondoka kwa maelfu, mwaka 1938, wakaenda Nairobi kwa miguu kumwona Gavana. Jambo hilo lilitajwa mara nyingi nyumbani kwake, kwa maana ndilo alilolishika kuwa sababu ya mumewe kuandikwa jeshini. Kijana aliyetaka kuoa alihitaji mifugo, na mifugo ilikuwa imekuwa adimu, na mahali palipokuwa na fedha taslimu kila mwezi palikuwa ni Keya. Aliolewa mwaka 1939. Mwaka uliofuata mumewe alivaa kaptura ya kaki na kofia ya askari, akapelekwa mpakani kaskazini, kisha Abisinia kupigana na Waitaliani.

Bwana huyo alirudi likizo mwaka 1942, akakaa siku chache, akaondoka tena. Mwaka 1943 akapanda meli pale Kilindini kwenda Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka. Mkewe alibaki kwa wakwe, na mimba iliyokuwa imekwisha kuwa mtoto mchanga mgongoni.

Watu wengi hudhani kwamba mke wa askari kazi yake ilikuwa kusubiri tu, kama mtu aketiye kituoni akingoja gari la moshi. Anayefikiri hivyo hajapata kulima shamba la mawe peke yake. Mama huyu alilima, akasuka vyondo vya katani, akamlea mtoto na mkwe mgonjwa, na kila mara zamu ya malipo ilipofika alitembea tangu alfajiri mpaka ofisi ya Bwana D.C. kupokea sehemu ya mshahara ambayo mumewe aliikubali ikatwe kwa ajili ya nyumbani. Hapo alisimama mstarini pamoja na wake wengine na akina mama wazee. Karani hakuita majina yao. Aliita nambari ya askari, kisha jina la askari, na mwanamke husika alijitokeza, akatia kidole gumba katika wino, akakibandika chini ya jina lisilo lake. Miaka mingi baadaye bado aliweza kuitaja nambari ile yote kwa Kiswahili bila kusita, ijapokuwa alikuwa amesahau siku za kuzaliwa za baadhi ya watoto wake.

Barua nazo zilikuwa na taabu yake. Jeshini lugha ilikuwa Kiswahili. Mumewe hakujua kuandika vizuri, basi rafiki yake aliyekuwa amesoma misheni alimwandikia. Kabla ya kuondoka kambini barua ilisomwa na ofisa, naye akafuta kila neno lililoweza kumfaidia adui. Ilipofika Machakos ilisomwa na mwalimu wa shule, na mwalimu huyo aliifasiri kwa Kikamba mbele ya wazee wa boma. Hivyo neno la mume kwa mkewe lilipita vinywani na machoni mwa wanaume watatu kabla ya kumfikia, na lilipomfikia lilikuwa daima moja: ni mzima, asalimiwe, mtoto atunzwe. Siku moja aliona karatasi imejaa maandishi mbele na nyuma, lakini mwalimu akasoma kwa muda mfupi, akaikunja. Aliuliza, "Mwalimu, mengine yanasema nini?" Akajibiwa kwamba ni salamu tu. Hakuamini, na hakuwa na njia ya kuhakikisha. Barua ile aliiweka.

Mwezi wa Februari 1944 kundi la meli lilitoka Kilindini kwenda Colombo. Karibu na visiwa vya Maldives, tarehe 12, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga meli iitwayo Khedive Ismail, nayo ikazama kwa dakika chache. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,300 walikufa. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wake wa vijijini hawakuambiwa jina la meli wala mahali ilipozama. Kilichofika vilimani ni uvumi kwamba meli ya Waafrika imelala baharini, na uvumi haukusema ni meli ya nani wala ni ya mwezi gani. Mumewe alikuwa amekwisha kuvuka tangu mwaka uliotangulia, lakini yeye alijuaje? Hakupata barua kwa miezi mingi. Wake wawili wa jirani walinyoa nywele. Wakwe zake walianza kusema kwa sauti ya chini juu ya ndugu wa mumewe ambaye angeweza kumrithi. Yeye alikataa kunyoa. Aliwaambia wazee kwamba fedha za nambari ile zingali zinatoka, na serikali haijulikani kwa kumlipa maiti. Ni jibu la mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na wazee hawakuweza kulipinga.

Kumbe wakati huo mumewe alikuwa hai, akijiandaa kwa safari mbaya kuliko ya bahari. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma katikati ya mwaka 1944, ikateremka katika bonde la Kabaw wakati wa masika makubwa, katika matope yafikayo magotini, malaria na homa nyingine, chakula kikiangushwa na ndege. Mwezi wa Desemba walivuka mto Chindwin. Juu ya hayo yote bwana huyo hakupata kumwambia mkewe ila kwamba mvua ilikuwa nyingi. Mtoto alipomuuliza habari za Wajapani alimjibu kwamba nao walikuwa na njaa.

Alirejea mwaka 1946 akiwa na nishani yenye utepe wa rangi tatu, sanduku la bati, na bahashishi ya kumaliza kazi. Fedha hizo zilinunua mbuzi kadhaa na shuka. Mwaka 2019 ndipo ilipotangazwa wazi katika magazeti ya dunia, kutokana na hati za zamani, kwamba askari Mwafrika alikuwa amehesabiwa shilingi tatu na nusu kwa kila mwezi wa utumishi, na Mzungu mkazi wa makoloni wa cheo kile kile shilingi kumi. Lakini wale waliohusika hawakuhitaji hati. Mama huyu aliwahi kusema kwamba walijua siku ile ile, kwa sababu askari huhesabu.

Mumewe alipata kazi ya ulinzi katika baraza la mji wa Nairobi, na baada ya kulala miaka kadhaa katika chumba cha wanaume wanne huko Shauri Moyo alipewa nyumba Kaloleni. Hapo akamwita mkewe na watoto. Kaloleni ni mtaa wa nyumba za mawe zenye vigae vyekundu, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya jamaa, si kwa makapera tu kama mitaa mingi ya wakati ule, nao umezunguka ukumbi wake kama boma lizungukavyo uwanja. Wenyeji husimulia kwamba mateka wa Kiitaliani walishiriki katika kuujenga. Bwana yule alilifurahia jambo hilo kupita kiasi. Kila mvua iliponyesha alitazama paa, akasema kwamba Waitaliani aliowafukuza Abisinia walikuwa mafundi wazuri kuliko walivyokuwa askari.

Kaloleni ndiko mkewe alikojifunza Kiswahili sawasawa, na ndiko alikojifunza kusoma. Alikuwa amepita miaka thelathini, na watoto wanne. Jioni, chakula kikiisha kuiva, aliacha jiko la makaa kwa binti yake, akaenda ukumbini pamoja na akina mama wengine kusoma herufi. Mumewe hakumkataza wala hakumsifu. Hata alipoweza kusoma gazeti alilifungua lile sanduku la bati, akaitoa barua ya mwaka 1944, akaisoma mwenyewe. Alichokikuta humo hakukieleza kwa mtu yeyote. Binti yake anakumbuka tu kwamba usiku ule mama yake alimtilia baba yake chai mara mbili, na kwamba baba yake aliuliza kuna nini, naye akajibu, "Hakuna, baba. Nimepata salamu zako."

Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 1954 mitaa ya mashariki iliamka imezingirwa. Ndiyo operesheni iliyoitwa Anvil, wakati wa Hali ya Hatari. Maelfu ya askari walifunga njia, wakaingia nyumba kwa nyumba, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walipakiwa katika malori, wakapelekwa Langata kuchujwa, kisha Manyani na Mackinnon Road. Mumewe alitoa karatasi yake ya kuachishwa jeshi, akaachwa. Jirani yao wa ukuta mmoja alichukuliwa. Mama huyu, aliyekuwa amewaombea askari kwa miaka sita, alisimama mlangoni akaziona bunduki zile zile kutoka upande wa pili. Jirani aliacha mke na watoto watatu, na mke naye akarudishwa uzikuni baada ya siku chache. Vyombo vyao, yaani sufuria, kitanda na cherehani, vilikaa Kaloleni miaka mitano chini ya turubai, na hakuruhusu mtu kuigusa cherehani ile, hata watoto wake walipokosa nguo za shule. Mwenyewe aliporudi aliikuta imetiwa mafuta.

Maisha ya mji yaliendelea. Alisuka vyondo, akaviuza Kariokor, na ada za shule zilitoka katika katani kuliko katika mshahara. Wanawe wakubwa aliwakataza kabisa kwenda jeshini. Mmoja akawa karani wa reli, mwingine mwalimu. Kitinda mimba wake, aliyezaliwa mwaka 1957, alipenda mitambo, na kila ndege iliyopaa kutoka Eastleigh alijua aina yake kwa mlio. Mwaka 1977 alijiandikisha katika Jeshi la Anga, akajifunza ufundi. Alimwambia baba yake kwanza, naye akambariki. Mama yake alikaa siku tatu bila kusema naye. Siku ya nne alimnunulia brashi ya viatu.

Mumewe alifariki mwaka 1979. Baada ya matanga alikwenda ofisi moja kulipa kodi ya nyumba, na karani akairudisha kadi. Alimwambia, "Mama, mwenye nyumba ni bwana yako, na bwana yako ameondoka katika daftari. Utahitaji kuhama." Akamjibu, "Bwana yangu amekufa, karani. Nyumba haijafa." Tangu siku hiyo alirudi katika ofisi ile kila juma kwa muda wa miezi kumi na minne. Alibeba cheti cha ndoa, cheti cha kifo, karatasi ya kuachishwa jeshi na stakabadhi za kodi, hata zile za shilingi za mfalme. Alishauriwa na wengi kwamba akiandikisha kadi kwa jina la mwanawe mkubwa mambo yatakuwa mepesi, na mwanawe mwenyewe alikuwa radhi. Alikataa. Alisema amekwisha kutia kidole chini ya majina ya watu wengine ya kumtosha. Hatimaye mkubwa mmoja, labda kwa kuchoka, aliidhinisha, na kadi ikatoka imeandikwa majina yake yote matatu kwa taipu. Alitia sahihi kwa kalamu.

Basi ikaja Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Usiku wa manane askari wa anga walianza kuasi, wakaiteka Sauti ya Kenya, wakatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya jua kutua jeshi la nchi kavu lilikuwa limewashinda. Jeshi la Anga likavunjwa mwezi ule ule, na karibu askari wake wote wakawekwa kizuizini, waliopanga na waliokuwa wamelala. Mwanawe alikuwa zamu katika karakana ya Eastleigh. Kutoka Kaloleni mpaka Eastleigh ni mwendo wa saa moja tu kwa miguu. Alipokuwa Burma, mumewe alikuwa ng'ambo ya bahari, na barua zake zilifika, ingawa zilikuwa na maneno yaliyofutwa. Mwanawe huyu alikuwa karibu kiasi cha kusikia kengele ya kanisa la mtaani kwao, na hakuna aliyeweza kumwambia yu hai au amekufa.

Alikwenda langoni siku ya nne, njia zilipofunguliwa, na chakula katika chondo. Askari wa lango, kijana wa miaka ishirini hivi, alimwambia kwa adabu, "Mama, rudi nyumbani. Hapa hakuna habari." Akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekuwa katika kazi hii kabla baba yako hajazaliwa. Niambie ni wapi wanapoita majina." Kijana yule alinyamaza, kisha akamtajia kambi. Huko nako hawakuita majina. Alikwenda kambi nyingine, akaenda magereza mawili, na kila mahali aliandika katika daftari la shule tarehe, mahali na neno aliloambiwa. Akina mama wengine wa Kaloleni, Jericho na Makadara waliokuwa wakitafuta wana wao walianza kufuatana naye, kwa kuwa yeye alijua kusoma matangazo ya ukutani na hakuogopa kuuliza mara ya pili. Ilipita miezi miwili kabla ya kupata kipande cha karatasi chenye mwandiko wa mwanawe: ni mzima, asalimiwe, chakula kisiletwe.

Binti yake anasema kwamba aliisoma karatasi hiyo, akacheka kwa uchungu, akasema, "Wote wameandikiwa na mtu mmoja."

Mwana aliachiliwa mwaka 1983 pamoja na mamia ya wenzake. Hakupatikana na kosa, wala hakurudishiwa kazi. Mikono yake ilikuwa imevimba, na kwa mwaka mzima hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa, basi mama yake alilala sebuleni ili mlango ubaki wazi pasipo mwizi kuingia. Baadaye alipata meza karibu na soko la Burma, akawa fundi wa redio, na ndiyo kazi iliyomlea yeye na watoto wake. Nishani ya baba yake ilining'inia ukutani, na hapo palipotakiwa kuwekwa picha yake akiwa na sare hapakuwekwa kitu. Mama alikataa kuziba nafasi ile kwa kalenda.

Mwaka 2018, miaka miwili baada ya kuzikwa kwake Machakos kando ya mumewe, serikali ya Uingereza ilitangaza msaada kwa askari wa zamani wa makoloni na wajane wao, ili wapate milo miwili kwa siku. Jamaa yake walilisoma tangazo hilo wakakumbuka kwamba hakupata kukosa milo miwili, wala hakupata kuomba. Kilichosalia chake ni sanduku la bati, daftari la mwaka 1982, na ile barua, ambayo watoto walikubaliana wasiisome. Kadi ya nyumba hakuna aliyekwenda kuibadilisha. Kila mwezi mjukuu mmoja hulipa kodi, na stakabadhi hutoka kwa majina matatu ya bibi yake.